Aliyezungusha Treni ya Klabuni

Geresoni Mwasomola alizaliwa Masoko, upande ule wa ziwa ambako migomba inashuka bondeni mpaka inakaribia maji, na kama si mikono yake huenda angezeeka huko huko akipalilia kahawa ya baba yake. Ilikuwa mikono mirefu, mishipa imetambaa juu yake kama mizizi iliyokosa udongo. Gogo likianguka njiani watu walisema, mwiteni kijana wa Mwasomola. Mikono hiyo ndiyo iliyompatia kazi kwenye shamba la chai, Mwingereza bado anatawala. Alianza kwa kung'oa visiki, akapelekwa kiwandani kubeba majani, mwisho wakamweka chumba cha injini, kwa sababu injini ile ya zamani haikuwaka mpaka izungushwe kwa mpini, na mpini wenyewe ulikuwa umekwisha kumvunja mtu kifundo. Geresoni aliuzungusha kama mama anayekoroga uji.

Akamwoa Tupokigwe, binti wa majirani. Wakazika mtoto, wakazika na wa pili. Kisha akaja Yudith, akaishi. Walimlea kwa woga, kama mtu anayevuka mto amebeba kaa la moto, na alipoanza kutembea katika nyumba za wafanyakazi, Geresoni alikuwa akitoka kazini mbio ili amkute macho.

Meneja wa shamba wakati huo alikuwa mzungu mmoja mpole, mwenye maneno machache, wafanyakazi wakimwita Bwana Haldeni. Mwaka mmoja aliporudi kutoka likizo kwao, yalifika nyuma yake masanduku mengi ya mbao juu ya lori. Geresoni alikuwa miongoni mwa walioyafungua. Ndani mlikuwa na reli ndogo za bati, madaraja, stesheni yenye saa isiyotembea, na kichwa cha treni cha kijani kibichi chenye mabehewa yake. Vyote vilipangwa juu ya meza kubwa iliyojengwa ndani ya klabu ya wazungu, ikameza nusu ya chumba. Bwana Haldeni mwenyewe alitengeneza milima kwa wavu wa kuku, magunia na plasta, akaipaka theluji kileleni.

Siku moja, wakiwa wawili tu wakipigilia misumari, alimweleza Geresoni asili yake. Alisema kwao zamani, kabla ya vita, wenye maduka ya vitu vya kuchezea walikuwa wakitandaza meza kama ile nyuma ya kioo cha duka, treni inapita milimani kutwa nzima, ili watoto wasimame na kuwavuta wazazi wao ndani. Kila duka lilitaka milima yake iwe mirefu kuliko ya jirani. Yeye alikuwa mtoto wa maskini, akawa anasimama nje kwenye baridi mpaka mwenye duka azime taa, wala hakuwahi kuingia. Mambo yalipobadilika na duka likafungwa, meza ikauzwa na kila kilichokuwa juu yake, naye alikuwa tayari mtu mzima mwenye mshahara. Geresoni aliisikiliza habari hiyo akamhurumia yule mtoto wa nje ya kioo.

Taabu ilikuwa umeme. Treni ilitaka umeme, nao umeme wa kiwanda ulizimwa sikukuu. Basi Bwana Haldeni akachukua dainamo ya lori bovu, akaifunga chini ya meza, akaiunganisha na mpini kwa mnyororo wa baiskeli. Akapachika kitambaa cheupe kuizunguka meza yote mpaka sakafuni, kwa kuwa alitaka watoto waamini kwamba treni inakwenda yenyewe. Wa kuuzungusha ule mpini hakuhitaji kutafutwa.

Ikawa kila Krismasi, watoto wa wazungu wa mashamba ya jirani wanapokuja klabuni, Geresoni yuko ndani ya kile kitambaa. Alikaa amekunja miguu, shingo ameiinamisha kwa sababu meza haikumruhusu kuinua kichwa. Hewa ilikuwa ndogo, akavua shati. Hakuona chochote ila ncha za viatu. Treni aliisikia tu juu ya utosi wake: ikiingia handakini inafifia, ikipanda daraja inakwaruza, ikifika kwenye kona ya stesheni inagonga. Akichoka, mwendo ulipungua, na watoto wakanung'unika, naye akajikaza. Treni ikiwa imesimama alikuwa ameiona mara nyingi, maana yeye ndiye aliyeifuta vumbi. Ikiwa inakwenda, hakuwahi kuiona.

Nyumbani Yudith alitaka kujua yote. Geresoni alimweleza kwamba yeye ndiye dereva. Alikuwa akichukua kigoda na kukigonga kwa vidole, tak-tak, akikwaruza kwa kucha, akinyamaza, na mtoto akiwa amefumba macho anabashiri: sasa iko handakini, sasa iko darajani. Ulikuwa mchezo wao. Tupokigwe aliwakuta humo mara nyingi chakula kikipoa, akagomba bila hasira. Yudith alipouliza lini na yeye ataiona, baba yake alimjibu kwamba siku yake inakuja.

Na kweli ilikuja. Mwaka ule wa Jamhuri, Bwana Haldeni alitangaza kwamba siku ya pili ya Krismasi watoto wa wafanyakazi wote waletwe klabuni. Akina mama wa kambini waliwaogesha watoto wao na kuwapaka mafuta mpaka wakang'aa. Yudith alivaa gauni la njano. Njiani alimwuliza mama yake kama Tata, ndivyo alivyomwita baba yake, atakuwa amevaa kofia, na Tupokigwe, ambaye hakujua klabu ikoje ndani, alisema huenda.

Watoto walizunguka meza, treni ikatoka handakini, ukumbi mzima ukaguna kwa mshangao. Yudith aliitazama ikizunguka, kisha akaanza kumtafuta baba yake. Alitazama mlangoni, akatazama nyuma ya meza, akatazama walipo wakubwa. Halafu akasikia mnyororo. Akachuchumaa, akainua kitambaa.

Geresoni aliona mwanga, kisha uso wa mwanawe. Yeye alikuwa kifua wazi, jasho linamdondoka puani, shingo imepinda. Mtoto aliingia kwa magoti mpaka alipo, akaweka mkono wake mdogo juu ya mpini ili amsaidie. Juu yao treni ikapungua mwendo, watoto wakaanza kunung'unika, na Geresoni akausukuma ule mkono. Aliogopa mnyororo usimkate vidole, akaogopa Bwana Haldeni asichungulie, na zaidi ya vyote aliona aibu ambayo hakuwa ameijua katika miaka yote ya kukaa pale.

"Toka hapa," alimwambia kwa sauti ya ukali ambayo hakuwahi kuitumia kwake. "Rudi juu ukatazame kama wenzako."

Yudith alitoka. Tupokigwe alisema baadaye kwamba mtoto alisimama ameipa meza mgongo mpaka shughuli ikaisha.

Wakirudi nyumbani, ukungu umeshuka juu ya michai, Geresoni alimbeba begani na kumwuliza kama ameiona inavyopanda daraja.

"Walikuwa wanacheka," alisema. "Wewe uko chini, na wao wanacheka."

"Ni kazi, mwanangu. Kazi haichagui pa kukaa."

Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za treni. Geresoni alipokivuta kigoda na kuanza kukigonga, Yudith alisema anaitwa na mama yake. Alijaribu tena siku nyingine, kisha akaacha. Mtoto hakumkosea adabu hata siku moja. Alimwamkia, akamletea maji ya kunawa. Lakini maneno yake alianza kuyapitisha kwa mama: mwambie Tata daftari limekwisha, mwambie Tata mwalimu anamwita. Geresoni alijiambia kwamba mabinti wakikua ndivyo wanavyokuwa, ingawa huyu alikuwa hata meno ya utotoni hajamaliza kung'oa.

Bwana Haldeni aliondoka miaka michache baadaye. Siku ya kuagana alimpa Geresoni mkono, akamshukuru kwa Krismasi zote zile, na akasema meza ile abaki nayo yeyote atakayeipenda. Hakuna aliyejitokeza. Ikafunikwa turubai. Baada ya Azimio shamba likaingia mikononi mwa umma, klabu ikawa ukumbi wa mikutano, na jioni mle mle wakafundishwa kusoma wazee wa kambi. Geresoni alijifunza kuandika jina lake amekaa karibu na meza ile, viti vya ziada vikiwa vimerundikwa juu ya turubai.

Yudith alisoma kwa bidii. Alifaulu, akaenda Mbeya kujifunza uuguzi. Alikuja likizo kwa nadra, akawa mrefu kama baba yake, mikono ni ile ile. Walikaa meza moja wakala wakiulizana habari za mvua.

Mwaka wa sabini na tatu meneja alikuwa Ackson, kijana wa Rungwe aliyesoma, mwenye haraka ya kuona mambo yanatengenea. Wachina walikuwa wakijenga Reli ya Uhuru, na watu wa Tukuyu wengi hawakuwa wamewahi kuona treni maishani mwao. Ackson alifunua turubai akaamua kwamba meza ile itapelekwa uwanjani Sabasaba, wananchi waone reli ni kitu gani. Akamwita Geresoni, na kutoka mjini akamwita fundi bati aliyeitwa Tamimu, mtu ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, naye akawa amezaliwa Makandana na kuzoea mvua kama bata.

Meza haikupita mlangoni, ikabidi waikate kwa msumeno na kuiunga tena. Kutu ilikuwa imekula reli, panya wamezaa ndani ya mlima. Tamimu alitengeneza mabehewa mapya kwa makopo ya mafuta, akiimba kaswida kwa sauti ya chini na kumtania Geresoni kwamba Wanyakyusa wamejaliwa ndizi, lakini risasi ya kulehemu hawaijui. Waliikwangua theluji, wakapaka kijani cha michai na migomba. Geresoni alifurahia kazi ile kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya, na Tamimu akawa rafiki yake wa kweli.

Ilipofika suala la kitambaa, Geresoni alikataa.

"Pasiwe na kitambaa," alimwambia Ackson. "Niwekeeni kiti pembeni, nizungushe watu wananiona."

Ackson alifurahi sana, akasema hiyo ndiyo siasa yenyewe, jasho la mfanyakazi lionekane. Geresoni hakumsahihisha. Hakuwa akifikiria siasa.

Tamimu alikuwa anakwenda Mbeya kununua risasi na rangi, na Geresoni alimwomba ampitie Yudith chuoni. Alimsindikiza mpaka barabarani, akawa anarudia maneno yale yale. "Mwambie namwomba aje Sabasaba. Sema namwomba, usiseme namwita." Tamimu alirudi na jibu kwamba binti amesikia, na akipewa ruhusa atakuja.

Sabasaba ilianza kwa baridi na ukungu, kisha jua likachomoza na mlima Rungwe ukaonekana wote. Watu walijaa uwanjani kutoka kila upande. Geresoni alivaa koti, akakaa kwenye kiti chake, akashika mpini. Treni ilipoondoka watu walipiga vigelegele, na watoto, badala ya kuikimbilia treni, wengi walimkimbilia yeye. Kila mmoja alitaka kuzungusha. Akawapanga mstari, akawapa mpini kwa zamu, na mabinti wakubwa walipoushika wawili wawili, yeye hakuwa na la kufanya. Akainuka, akaizunguka meza, akasimama upande wa pili.

Hapo ndipo alipoiona ikienda. Iliingia handakini, mabehewa yakifuatana kama ng'ombe wanaoingia zizini, ikatoka upande huu, ikapanda daraja ikitikisika. Alicheka. Alicheka kwa sauti, huku amejishika kiuno, mpaka Tamimu akaacha kazi akageuka kumtazama, naye akaanza kucheka bila kujua sababu.

Lakini kila gari lililotoka Mbeya lilipopiga honi, Geresoni aligeuza shingo. Alingoja mpaka uwanja ukabaki na maganda ya miwa. Nyumbani alimkuta Tupokigwe anachambua maharage.

"Hakuja," alisema.

Tupokigwe hakuinua uso. Alisema huenda ruhusa ilikosekana. Geresoni alivua koti akalitundika, akaenda kulala bila kula. Aliamini kwamba amejibiwa, na kwamba jibu lile alilistahili.

Mwezi wa kumi, siku ya mvua, waliambiwa kiwandani kwamba Mwasomola anatafutwa. Yudith amefariki. Habari zilimfikia kwa vipande, naye akawa anavipokea kama mtu anayeokota vyombo vilivyovunjika. Kumbe hakuwa chuoni. Alikuwa Kiwira, kwa dada yake Tupokigwe, amejificha huko tangu tumbo lilipoanza kuonekana. Aliyempa ujauzito alikuwa amehamishwa kikazi, na hakurudi wala kutuma neno. Uchungu ulimshika usiku, mtoto akatoka mzima, lakini damu ya mama ikakataa kukatika. Walimpandisha kwenye lori wamwahishe hospitali ya Makandana, naye akafia njiani.

Walimzika Masoko, kwenye migomba ya babu yake. Wanawake walilala juu ya majani makavu ya ndizi, wakaimba nyimbo za kanisani mpaka sauti zikakauka. Tamimu alikuja na wenzake wa mjini, akakaa na Geresoni, na Geresoni alimshukuru moyoni kwa hilo. Matanga yalipokwisha na watu kuanza kutawanyika, Tupokigwe alimfuata mumewe nyuma ya nyumba. Alikuwa amembeba yule mtoto mchanga, wa kike, amefungwa khanga.

"Baba Yudith, nina neno," alisema. "Siku ile ya Sabasaba alikuja."

Geresoni alimtazama.

"Alisimama nyuma ya wanawake wa Makandana, amejitanda khanga mbili. Mimi nilikuwa naye. Alikuona umekaa kwenye kiti. Alikuona ulipoinuka ukazunguka meza. Ulipocheka, na yeye alicheka, akalia."

"Kwa nini hakuja nilipo?"

"Tumbo. Alisema, Tata amenialika kwenye furaha yake, siwezi kumpelekea hili. Alisema atajifungua kwanza, ndipo aje akupigie magoti."

"Na wewe ukanyamaza. Nilirudi nikakwambia hakuja, ukanyamaza."

"Aliniapisha."

Geresoni hakumpiga wala hakupaza sauti. Aliondoka kwa miguu, akarudi kambini, akakaa huko peke yake siku nyingi, na wajumbe waliotumwa na ukoo aliwapokea vizuri na kuwarudisha mikono mitupu. Alichokuwa akikiwaza hakumweleza mtu ila Tamimu, na hata yeye alimweleza nusu: kwamba kama angejua, angeacha watu wote pale uwanjani, angekwenda nyuma ya wale wanawake, na tumbo lile lisingekuwa kitu. Tamimu alimwuliza kama ana hakika. Geresoni akasema hana. Angekuwa baba aliyeaibishwa mbele za watu. Huenda angesema neno la ukali tena. Hilo ndilo lililomwumiza kupita kifo chenyewe, kwamba binti yake alimfahamu vizuri kiasi cha kuogopa.

Kilichomrudisha Masoko ni maziwa. Aliambiwa kwamba ng'ombe wa nyumbani amekauka, na mtoto anakunywa uji mwepesi. Akaomba ruhusa, akanunua ng'ombe mwenye ndama huko Mwakaleli, akamswaga katika mvua mpaka uani kwake. Tupokigwe alitoka akamkuta anamfunga kwenye mti. "Ndaga," mkewe alisema, nayo kwa Kinyakyusa ni asante na ni pole pia. Geresoni aliitikia. Habari ile hawakuizungumza tena, na miaka ilivyopita ukimya wao ukawa mlaini kidogo, ingawa haukuisha.

Sabasaba iliyofuata Ackson alimwita tena kwa ajili ya treni, naye akakataa bila kutoa sababu. Tamimu aliizungusha mwenyewe. Baada ya hapo meza iliwekwa kwenye ghala moja mjini, paa likavuja, na mlima wa plasta ukalainika ukabomoka. Watu walichukua mbao. Tamimu aliomba bati zilizobaki akatengenezea vibatari, na alipomweleza rafiki yake kwa wasiwasi, Geresoni alisema amefanya vema, watu wanahitaji taa.

Alistaafu, akarudi kwenye kahawa ya baba yake. Mtoto walimwita Nsajigwa. Kwa kuwa hakuna aliyemtolea mahari mama yake, alikuwa wao kabisa, na alikua akimfuata babu yake shambani kama kivuli. Alikuwa mtoto wa maswali.

Siku moja, wakichuma kahawa mstari mmoja, alimwuliza babu yake, mama alikuwa akipenda chakula gani. Geresoni alisimama na matawi mkononi. Alijaribu kukumbuka. Akaulizwa tena, mama alikuwa akiimba wimbo gani, rafiki yake alikuwa nani, alikuwa akiogopa nini. Yule mzee alitafuta katika miaka yote aliyokaa nyumba moja na binti yake, na alichokipata ni salamu, maji ya kunawa, na habari za mvua.

"Nenda kamwulize bibi yako," alimwambia. "Yeye ndiye anayejua."

Nsajigwa aliweka kikapu chini akakimbilia nyumbani, akipiga kelele za kumwita bibi tangu mbali. Geresoni alimsikia Tupokigwe akiitikia, kisha akamsikia anaanza kueleza, lakini kutoka pale alipo hakuweza kuyapata maneno.